Hatua Arobaini Kinyumenyume

Huko Mbelembele nilichekwa mara moja tu, siku niliposema kwamba kwetu mtu akisahau kofia nyumbani huifuata. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha mzee mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nchi yetu haina serikali.

Hakuwa ananidhihaki. Mbelembele ina barabara moja, nayo imeizunguka nchi nzima kama bangili mkononi. Nyumba, mashamba na shule zimepangwa kando yake, na sheria ya kwanza inasema kila mtu aende mbele. Ukitaka kumwona jirani aliye mbele yako, unatembea tu. Ukitaka kumwona yule uliyempita asubuhi, unatembea vilevile mbele, siku ishirini na sita, mpaka uizunguke nchi umkute mlangoni pake. Kwa hiyo wengi hawatoki. Soko ndilo linalowapitia, na Baraza la nchi nalo hutembea mwaka mzima, makarani wakiwa wamebeba ofisi vichwani: meza, mihuri, na fremu za madirisha ambayo wananchi husimama mbele yake kueleza shida zao. Ndani ya uzio wa mtu sheria haiingii. Walijaribu kuiingiza zamani, wakashindwa na wapishi.

Sitaeleza nilivyofika, maana si jambo la maana. Nilipokelewa na mwanamke aitwaye Tunu, msusi wa mikeka, ambaye alinipa chumba na hakuniuliza ninakwenda wapi. Kwao swali hilo lina jibu moja, na ni utovu wa adabu kumuuliza mtu jambo ambalo kila mmoja analijua.

Katika siku za mwanzo niliandika niliyoyaona. Fundi cherehani akikosea mshono hafumui, anashona mbele. Nilinunua shati lenye mikono mitatu na nikaambiwa nina bahati, kuna ya minne. Mwalimu hawaambii wanafunzi warudie, huwaambia waseme jipya linalofanana na lile. Jana huitwa siku marehemu. Mgongo huitwa upande wa pili wa kifua. Ni marufuku kuanguka chali, lazima mtu aanguke mbele, na ndiyo sababu wengi wao wana pua zilizopinda, nao huzionea fahari. Wanawake husukwa nywele kuanzia kisogoni kuja kwenye paji la uso, mikia ya nywele ikawaning'inia machoni, na njiani kila mmoja anatembea akiipuliza ili aone anakokwenda.

Jambo lililonitia uchungu hasa ni mpunga. Mimi nimezaliwa bondeni, mtoto wa mpanda mpunga, na kila aliyetia miguu kwenye tope la jaruba anajua kwamba miche hupandwa ukienda kinyumenyume. Unainama, unachomeka, unavuta mguu, na kazi yako inabaki mbele ya macho yako ikiwa imesimama. Wao hupanda wakienda mbele. Kila mche wanaouchomeka wanaukanyaga hatua inayofuata. Mwaka hadi mwaka hupanda bonde zima na kuvuna vikapu vitatu, na mwaka hadi mwaka Baraza hutoa tamko la kuwapongeza wakulima kwa kasi yao.

Nilicheka moyoni, kisha nikaacha. Mimi ni nani hata niwacheke? Nilikuwa nimeondoka kwetu miaka tisa iliyopita nikiapa kwamba sitarudi mikono mitupu. Kila mwaka mama alimtuma mtu na neno lilelile, kwamba nije tu, hata hivyo nilivyo. Kila mwaka nilijibu kwamba niko njiani. Nilikuwa raia wa Mbelembele kabla sijaiona.

Shida ya Tunu niliijua bila kutajiwa na mtu, kwa kuisikia tu. Kila asubuhi sauti ya mwanamke mzee ilikuja kutoka upande ule ambao nyumba ya Tunu haikuwa na dirisha: "Tunu ee, umekula?" Tunu alisimama, akafumba macho, asijibu. Halafu akatoka uani, akaanika kanga juu ya uzio. Nilidhani ni kanga zilizofuliwa, lakini zilikuwa kavu.

Mwishowe alinieleza. Sauti ile ilikuwa ya mama yake, Bi Kidawa. Nyumba ya Bi Kidawa ilikuwa hatua arobaini kutoka pale, hatua arobaini nyuma. Tunu alipofikia umri wa kujitegemea, serikali ilimpandisha cheo kama inavyowapandisha wote, ikampa nyumba iliyo mbele. Sauti ya mama ilikuwa halali kwa kuwa ilikwenda mbele. Ya Tunu ingekuwa kosa. Lakini kanga wanasheria hawakuikumbuka, kwa hiyo alimjibu mama yake kwa majina ya kanga, na soko lilipopita hakununua kitu kingine. Siku hiyo alikuwa ameanika iliyoandikwa "Nipo mama usihuzunike." Akikosa jina linalofaa aliunganisha mbili.

Mara moja kila mwaka aliizunguka nchi, siku ishirini na sita, akakaa na mama yake siku saba, kisha akatembea hatua arobaini kurudi kwake. Mwaka huu Bi Kidawa alikuwa mgonjwa. Sauti yake ilikuwa imepungua mpaka asubuhi nyingine tulisikia kikohozi tu, na mganga aliyepita na soko alisema hatamaliza siku kumi.

Nikauliza kwa nini mzee asibebwe kuletwa mbele, kwani hilo si kosa. Tunu akasema mama yake amekataa. Kaburi la mumewe liko nyuma ya nyumba yake, na amekusudia kulala kando yake. Akifia kwa binti yake itabidi maiti izungushwe nchi nzima kwenye jua, na Bi Kidawa alisema maisha yake yote amekwenda mbele kama alivyoambiwa, asibughudhiwe akishakufa.

Baraza lilifika wiki hiyo, likapiga kambi mbele ya nyumba. Nilimsindikiza Tunu kwenye madirisha. Kwa kuwa hakuna aendaye nyuma, maneno yote ya kwenda nyuma yamechukuliwa na serikali kuhifadhiwa, na kila neno lina dirisha lake na karani wake. Dirisha la kwanza, la kurudi, lilimwambia kwamba kurudi hakujatolewa kibali tangu nchi iumbwe. La pili, la kurejea, lilimwambia kwamba kurudi ni kwa miguu lakini kurejea ni kwa nia, na nia haipimiki, kwa hiyo inakatazwa kwa tahadhari. La kugeuka lilikuwa na bango la adhabu, tukalisoma: raia atakayegeuka, akithibitishwa na aliyemwona, atafutwa katika daftari la waendao na atabaki palepale alipogeukia mpaka mwisho wa maisha yake. Mgeni atakayegeuka atarudishwa alikotoka. Watu walilipita bango lile wakitazama chini, maana huko hakuna tusi kubwa kama kumwambia mtu amebaki.

Dirisha la saba lilikuwa la kinyumenyume. Karani wake aliitwa Machano, mtu mrefu mwenye suti iliyofifia na pua iliyonyooka, jambo lililonionyesha kwamba ni mtu mwangalifu. Alitufungulia kama anayefungua zawadi. Hakuwa amepata mteja kwa miaka kumi na mmoja. Akafuta vumbi kwenye daftari lake, akamsikiliza Tunu mpaka mwisho, kisha akasema neno hili limo kwenye orodha lakini hakuna aliyewahi kuamua kama ni kosa, kwa sababu anayekwenda kinyumenyume uso wake bado unatazama mbele. Akalipeleka Barazani.

Baraza lilijadili kutwa nzima. Mjumbe mmoja mwenye ndevu alisema mwendo ni wa uso, kwa sababu ndege hujulikana anakokwenda kwa mdomo wake. Mwenzake akapinga, akasema mwendo ni wa miguu, na akauliza kama mheshimiwa amewahi kufika Barazani kwa kutumia pua. Mwingine aliogopa kwamba wakulima wa mpunga watasikia na kudai nao haki hiyo, nchi ikajaa chakula bila mpango. Mwenyekiti akauliza kama kuna uamuzi wa zamani. Ulikuwapo, nao ulisema jambo lisijadiliwe. Kwa kuwa uamuzi haurudishwi nyuma, waliuacha kama ulivyo na kutunga mwingine mbele yake.

Waliamua hivi. Tunu aende kinyumenyume kwa mama yake, hatua arobaini, uso ukielekea mbele wakati wote, kwenda na kukaa. Adhuhuri ikifika ainuke aende mbele nyumbani kwake. Asigeuke, hata ndani ya uzio, maana kibali humwandama aliyepewa mpaka ndani. Karani wa dirisha la saba amsimamie, yeye na yeyote atakayefuatana nao kwa masharti hayohayo. Kisha Baraza likabeba madirisha yake likaondoka, Machano akabaki amesimama barabarani na fremu moja kichwani.

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba katika nchi nzima hakuna anayejua kutembea kinyumenyume. Tunu alijaribu akaanguka kifudifudi, kwa kuwa mwili wake ulikuwa umefundishwa kuangukia huko. Machano naye hivyohivyo, na pua yake ikapoteza unyoofu wake siku hiyo. Nikawaambia mimi naweza.

Tulifanya mazoezi siku mbili uani kwa Tunu, ambako sheria haiingii. Niliwafundisha kama mama alivyonifundisha nikiwa mdogo, maji yakiwa magotini. Usinyanyue kisigino, kiburute. Amini kwamba ardhi ipo. Usiogope usichokiona, umekwisha kukipita mara nyingi. Nilijisikia nikisema kwa sauti yake, na maneno yake, na hata ule mtindo wake wa kugonga paja mtu akikosea. Nikawaambia tupumzike.

Tukiwa tumepumzika, Machano aliniuliza kama kwetu watu hufanya hivi bila kibali. Nikamwambia bila hata kufikiri. Kisha akanieleza, akitazama viatu vyake, kwamba alizaliwa karibu na lango la wageni, siku mbili nyuma ya pale, na kwamba baba yake alikuwa hai mara ya mwisho aliposikia habari zake. Kazi ya Baraza haimruhusu kuzunguka peke yake, na Baraza lipitapo kwao hupita usiku. Ipo safari moja tu ambayo sheria inamruhusu mtu kuelekea nyuma kwa uso na miguu yote miwili: mgeni anapofukuzwa, karani aliyemwandika humsindikiza mpaka langoni. Alisema ameisoma ibara hiyo mara nyingi. Wageni wa Mbelembele, kwa bahati mbaya, wana nidhamu sana.

Siku ya tatu, baada ya uji wa asubuhi, tulitoka. Majirani walisimama kwenye nyua zao. Tunu mbele yangu, mimi katikati, Machano mwisho na daftari lake kifuani, sote tukiitazama nyumba ya Tunu ikisogea mbali nasi. Nilihesabu kwa sauti. Hatua ya kumi na tisa Tunu alisimama, akasema anasikia harufu ya nyumba ya mama yake, kitunguu na bizari. Nikamwambia aburute kisigino. Ya thelathini na nane mgongo wa Machano uligusa mlango, tukaingia.

Masharti yalitutaka tuketi tumeuelekea mlango. Tunu alikaa kwenye kigoda kilichosogezwa kando ya kitanda, mgongo kwa mama yake. Mimi na Machano tulikaa sakafuni karibu na kizingiti, nasi tumetazama nje. Kwa hiyo sehemu kubwa ya haya niliisikia tu.

"Shikamoo, mama," Tunu alisema, akiuambia mlango.

"Marahaba." Kitanda kililia. Kisha sauti ya viganja vikipita juu ya nguo, mabegani, shingoni, vikipanda kichwani. "Nani huyu aliyekusuka hivi? Utaonaje njia?"

Bi Kidawa alikuwa msusi wa nywele maisha yake yote, na wasusi ndio watu pekee nchini ambao kazi yao ni kukaa nyuma ya mtu. Alitoa kitana na mafuta ya nazi kando ya mto wake. Tukasikia nywele zikifumuliwa. Machano akaninong'oneza akiuliza mama anafanya nini, nikamwambia anafumua. Alifungua daftari, kalamu ikakaa juu ya karatasi kitambo, kisha akalifunga. Mimi nilikuwa nikitazama kuku akipita uani na sikuwa ninamwona.

Alimsuka asubuhi ile nzima. Alisuka kwa mtindo wa zamani, mistari ikienda kisogoni, mtindo ambao Tunu aliuona mara ya mwisho kichwani kwa bibi yake. Mikono ilichoka ikapumzika, ikaendelea. Waliongea mambo madogo: bei ya ukili wa mikeka, jirani aliyeoa, kanga ipi ilimchekesha Bi Kidawa alipoiona uziani. Mara mbili alikohoa sana, na mara zote mbili nilisikia kigoda cha Tunu kikianza kuzunguka, kikajizuia. Sijaona kazi ngumu kama ile. Nimebeba magunia, nimelima tope, sijaona.

Jua lilikaribia utosini. Machano akasafisha koo, kwa huruma, kuwakumbusha. Nyuma yetu kitana kikawekwa chini. Kisha nikasikia kofi dogo la bega, na Bi Kidawa akasema neno ambalo kila msusi na kila mama hulisema kazi ikiisha, neno alilokuwa amemwambia binti yake pengine mara elfu kabla serikali haijampandisha cheo:

"Haya, tayari. Geuka nikuone."

Tunu akasema taratibu, "Mama, nikigeuka sitakwenda tena."

"Kwani ulikuwa unakwenda wapi, mwanangu?"

Kigoda kilikwaruza sakafu. Kisha ikaja sauti ile ambayo mtu huitoa akitua mzigo.

Machano aliendelea kutazama nje. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema, kwa sauti ya ofisini, kwamba yeye hakuona kitu. Sheria inataka aliyeona, na hapa wote wametazama mbele, kwa hiyo hakuna kosa. Adhuhuri imefika, Bi Tunu ainuke aende zake kama ilivyoamuliwa. Alidhani anamsaidia.

"Nimegeuka, Bwana Machano. Andika," Tunu alisema nyuma yetu.

Akajibu kwamba kauli ya mkosaji haitoshi. Ndipo nikaelewa kwa nini dirisha lile la kugeuka lilikuwa na bango kubwa na daftari tupu. Asiyegeuka hawezi kushuhudia, na anayeshuhudia amekwisha kugeuka.

"Mgeni," Tunu aliniita.

Nikafikiri juu ya mama yangu na miaka tisa ya kuwa njiani. Kisha nikageuka, uso na mabega na miguu, taratibu, kama mtu anayejigeuza kitandani baada ya kulalia mkono. Nikawaona. Bi Kidawa alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Alikuwa amemshika binti yake mashavu kwa mikono iliyolowa mafuta, akikagua mistari ya nywele moja baada ya moja, kwa makini, kama fundi, huku machozi yakimtiririka bila yeye kuyajali. Paji la uso la Tunu lilikuwa wazi, na nilimwona macho yote mawili kwa mara ya kwanza.

"Nimeona," nikasema.

"Umeonaje?" Machano akauliza, akiuambia mlango.

"Nimegeuka."

Aliandika muda mrefu. Kisha akasimama, akakaza vifungo vya suti, akasoma. Tunu binti Kidawa, kwa kosa la kugeuka, amefutwa katika daftari la waendao na atabaki katika nyumba hii alipogeukia mpaka mwisho wa maisha yake. Kitandani Bi Kidawa aliuliza ana maana gani huyo, na Tunu akamwambia ana maana kwamba yeye ndiye atakayepika leo.

Kisha akasoma yangu. Mgeni, kwa kosa hilohilo, arudishwe alikotoka, na karani wa dirisha la saba amsindikize mpaka langoni.

Nilimwomba asome tena. Akasoma, polepole zaidi, na safari hii hakuwa akinisomea mimi peke yangu.